Punje ya Chuma Mgongoni

Litapunga,
19 Novemba 2023

Elisha mwanangu,

Marahaba. Najua shikamoo yako ipo, nimeshaiitikia ili tusimalize karatasi. Huku tunaendelea. Mvua ya kwanza imenyesha juzi, Mwandu na mkewe wamepanda mahindi upande wa mtoni, na yule ng'ombe wa pembe moja amezaa dume. Tembo wa mbugani Sitalike hawajatufikia mwaka huu, labda wamechoka kula vya maskini. Regina na tumbo lake wanaendeleaje? Mwambie asibebe ndoo. Ana mume, na mume ana mikono.

Utajiuliza kwa nini shangazi yako anaandika kama enzi za elimu ya watu wazima wakati mwanangu Mwandu ana simu. Mwandu simu yake anaiweka spika. Nikikohoa ninapoongea na wewe, boma zima linanipa pole. Jambo la leo sitaki liwe la boma zima. Jirani yangu Angela anakwenda mnadani Mpanda, barua atamkabidhi konda wa basi la Mwanza.

Ni hivi. Tangu nianguke kwenye mkokoteni wa ng'ombe mwezi wa saba, na nyie huko Mwanza mkanipasua mgongo mwezi wa tisa, siwezi kulalamika. Moto ule wa mguuni umepoa, na kwa fimbo yangu nafika mpaka banda la kuku. Juzi nikaenda kliniki ya mgongo Mpanda mjini. Dada wa eksirei akanipiga picha, akaitazama, akarudi. "Mama, hebu vua hilo gauni, lina pini." Nikavua. Akapiga tena, akarudi. "Mama, una cheni?" Sina cheni. Akanivua mpaka nikabaki na shuka lao tu, akapiga tena, kisha akamwita mwenzake wakawa wananong'ona. Mwisho akaniuliza, "Mama, walikuwekea chuma?" Nikamwambia mimi sikuwekewa kitu, nilitolewa kitu. Akasema nimuulize aliyenipasua.

Aliyenipasua sijui anakokaa. Wewe najua unakokaa, na kazi yako ni unesi katika vyumba hivyo hivyo vya upasuaji. Nina nini mgongoni?

Shangazi yako,
Nyanzala


Mwanza,
10 Desemba 2023

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, hata kama umeshaitikia. Barua yako ilinifikia ikiwa inanuka samaki wakavu, konda aliiweka kwenye mzigo wa mtu. Regina hajambo, ila miguu inamvimba jioni. Huku mvua inanyesha kila siku, mtaa wetu wa mlimani maji yanashuka na mawe, na jirani yetu ukuta wake wa choo umelala. Kazini tuko wachache, wenzetu wawili wamehamishwa. Nilifurahi sana kusikia habari za yule ndama. Mwandu ampe jina zuri.

Nimefurahi pia kwamba unafika banda la kuku. Usiiname kuokota mayai, mwagize mtoto.

Kuhusu hiyo picha, hizi mashine wakati mwingine zina mambo yake. Nitamuuliza daktari nikimpata. Msalimie sana Mwandu.

Mwanao,
Elisha


Litapunga,
27 Desemba 2023

Elisha,

Sikukuu imepita salama, tulichinja jogoo mmoja na watu walikuwa wengi kuliko jogoo. Pole ya ukuta wa jirani.

Mashine zina mambo yake! Mwanangu, mimi ndiye niliyekufundisha kuongopa, siku ulipovunja chungu cha bibi yako tukamsingizia paka. Hata siku ile, ukiwa huna meno ya mbele, uliongopa vizuri kuliko hivi. Mtu anayejua kwamba hakuna kitu anaandika "hakuna kitu." Wewe umeniandikia ukuta wa choo.

Mwandu nikimuuliza anakwenda kuangalia ng'ombe. Siku hizi ng'ombe wa boma hili wanaangaliwa kuliko watoto.

Nilikuuliza nina nini mgongoni. Bado nauliza.

Nyanzala


Mwanza,
21 Januari 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Regina anakaribia, mama yake amekuja kukaa naye. Nimechana barua nyingi kabla ya hii. Ikikufikia, kaa kwanza ndipo usome.

Siku ile daktari alikuwa anatoa gegedu iliyopasuka katikati ya pingili zako, ile iliyokuwa inabana mishipa ya fahamu ya miguu. Alitumia koleo refu jembamba, mdomo wake mdogo kuliko wa kifaranga. Alipolitoa mara moja hivi, akaona taya moja la koleo halina ncha. Chuma kile kimechemshwa na kutumika miaka mingi, kikachoka bila kumwambia mtu.

Likitokea jambo kama hilo, kila mtu anasimama pale pale alipo, maana kipande huenda kimeanguka chini na mtu akaondoka nacho kwenye soli. Nesi aliyekuwa anampa daktari vyombo alilitenga lile koleo peke yake, ili ijulikane kilichopungua ni kikubwa kiasi gani. Wakakunjua pamba na vitambaa vyote vyenye damu, kimoja kimoja. Wakachuja damu iliyokuwa kwenye chupa ya mashine ya kufyonzea. Wakaosha kidonda taratibu kwa maji ya chumvi. Hakikuonekana. Ndipo wakaita mashine ya eksirei.

Mimi nilikuwa chumba cha pili, kwa sababu haturuhusiwi kumhudumia ndugu. Waliyemwita alete mashine ni mimi, hapakuwa na mwingine. Nikaisukuma nikaingia. Ulikuwa umelala kifudifudi, uso sikuuona, ila niliona begani lile kovu lako la uji wa moto. Kwenye kioo cha mashine tukakiona, punje kama ya ulezi, imepenya upande wa mbele wa pingili, kuelekea tumboni, ulikopita mshipa mkubwa wa damu. Daktari alijaribu kukishika kwa koleo jingine, kikasogea mbele zaidi. Akaacha. Alisema akikifuata huko, anaweza kukutoboa mshipa ukafia pale mezani.

Aliandika yote kwenye faili lako. Kisha akatoka akamweleza Mwandu, kwa kuwa ndiye mwanamume wa nyumba na ndiye aliyesaini. Mwandu akaniomba nisikwambie mpaka upate nguvu. Nikakubali, na kila wiki nikawa najiambia bado hujapata nguvu.

Nisamehe.

Elisha


Litapunga,
11 Februari 2024

Elisha,

Nilikaa kama ulivyosema. Kisha nikasimama, nikakaa tena.

Daktari alijua. Nesi alijua. Faili lilijua, Mwandu alijua, wewe ulijua. Mwenye mgongo peke yake ndiye hakujua. Mimi nimewalea nyie wote wawili, wewe tangu mama yako alipofariki, na sikuwahi kuwapa dawa bila kuwaambia ni chungu. Nimekasirika na sitakuficha.

Sasa nisikilize. Mtu akisahau sufuria kwa jirani, anarudi kuichukua. Waje wakichukue. Chuma ni chao, mgongo ni wangu. Zamani nilikuwa nalala chali nikiwaza palizi. Sasa nikilala nasikiliza, kama mtu aliyesikia panya darini na taa imezimwa.

Mwandu nilimbana mpaka akasema. Alilia, Elisha, mwanamume mwenye ndevu. Anasema yeye ndiye aliyewapiga ng'ombe fimbo mbio mpaka gurudumu likaingia korongoni nikaanguka, kwa hiyo na chuma ni yeye. Nikamwambia acha ujinga. Hajaacha. Haongei mezani, amekonda, usiku namsikia anazunguka zizi.

Niandikie neno moja tu. Kinatoka au hakitoki?

Nyanzala


Mwanza,
3 Machi 2024

Shangazi,

Regina amejifungua salama mtoto wa kike. Tumemwita Nyanzala. Analia kwa sauti ya kudai haki yake, kila mtu hapa anasema jina limemkaa.

Hakitoki.

Nilimfuata daktari ofisini na picha zako. Alizitazama muda mrefu, akamwita na mwenzake. Jibu lao ni lile lile, njia ya kukifuata ni ya hatari kuliko chenyewe. Walisema vipande vya namna hii mara nyingi hutulia, mwili unavizungushia nyama vikakaa hapo mpaka uzee. Nikawauliza, na kisipotulia? Wakasema ndiyo maana upigwe picha mara kwa mara. Usiache kliniki hata ukijisikia mzima. Tena ukitakiwa kuingia kwenye ile mashine ya picha inayotumia sumaku, waambie kwanza una chuma mwilini.

Nafanya kazi mahali ambapo watu wanaletwa ili watengenezwe, na wewe siwezi kukufanyia lolote. Usiku nikimbeba mtoto nalitaja jina lako.

Elisha


Litapunga,
24 Machi 2024

Baba yangu Elisha,

Vigelegele vyote vya huku ni vyenu. Mke wa Mwandu alipiga mpaka mbwa wakajibu. Mtoto mkali ndiye mtoto, msimnyamazishe. Mahindi yamebeba, ila daraja la miti la kwenda barabarani limechukuliwa na maji, kwa sasa watu wanavuka kwa mkokoteni wa ng'ombe tu.

Sasa habari yenyewe. Kimetoka.

Mwandu alileta mganga kutoka Sitalike, anaitwa Siméon, mtu mpole, anaosha mikono. Akanikalisha kwenye kigoda uani, akanichanja kidogo kiunoni, akaniumika kwa pembe ya mbuzi, akavuta kwa mdomo huku Mwandu amenishika mabega. Alipoibandua pembe, akaimwaga kwenye sahani nyeupe, damu nzito, na ndani ya damu kikalia, ti. Chuma. Boma zima lilipiga kelele. Mtoto wa kaka yangu, Mwandu alicheka, sikuwa nimemsikia akicheka tangu mwaka jana. Usiku ule alilala mpaka jua likamkuta.

Kwa hiyo kliniki sioni kwa nini niende tena. Natembea. Kuna ndala yangu ya kushoto tu imekuwa na tabia ya kubaki nyuma, nafika jikoni nakuta iko uani, lakini ndala zenyewe zimechakaa.

Chuma chenyewe nimekifunga kwenye pamba humu ndani ya bahasha. Wewe unavijua vyuma vya kwenu. Kitazame, uniambie kama ni chenyewe.

Shangazi yako,
Nyanzala


Mwanza,
2 Aprili 2024

Shangazi,

Shikamoo. Mtoto hajambo, Regina hajambo.

Nilikifungua kipande mezani nikakaa nacho mpaka chai ikapoa. Niliandika barua ya kwanza nikisema ndicho. Niliiandika vizuri, ungefurahi. Halafu nikafikiria ile ndala, nikaichana.

Si chenyewe. Chuma cha koleo hakishiki kutu, hiki kina kutu. Hiki ni kinene, chetu ni punje tu. Na chetu kiko upande wa tumboni, hakuna pembe inayoweza kukivuta kipite katikati ya mfupa. Bado unacho, Shangazi. Naomba radhi kwa kuandika hivi, ningependa sana kuandika vingine.

Nilimpigia Mwandu papo hapo. Akaniambia mama mzima kabisa, anatembea, mdogo wangu shukuru Mungu. Nikasikia watu wanacheka, nikasikia na sauti yako kwa nyuma, "Mwambie niko imara!" Mambo haya si ya spika. Nikakata, nikasingizia mtandao.

Nijibu haya kwa maandishi. Ndala ikitoka, unaisikia inapotoka? Ukijaribu kuinua kidole gumba cha mguu wa kushoto, kinainuka? Una homa jioni? Na haja ndogo, je, unaweza kuizuia kama zamani, au inakuja bila taarifa? Hili la mwisho ndilo kubwa kuliko yote. Kama jibu ni baya, usisubiri barua yangu, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Elisha


Litapunga,
12 Aprili 2024

Elisha baba,

Mbusu mwenzangu huyo mdogo. Huku tunakula mahindi mabichi mpaka ng'ombe wanatuonea wivu.

Nilijua si chenyewe. Nilikuletea ili nione kama utaniongopea mara ya pili. Hukuniongopea. Ahsante, na nimekusamehe ya mwanzo.

Kile kipande ni spoku ya baiskeli. Ukikitazama vizuri juani, upande mmoja utaona rangi ya buluu. Marehemu mume wangu alipaka spoku zake buluu, rangi iliyobaki baada ya kupaka mlango, kijiji kizima kikamcheka. Baiskeli hiyo haijatoka nje tangu tumzike. Imening'inia chumbani kwa Mwandu, na mganga hakuingia chumbani kwa Mwandu. Umeelewa? Aliyekata ile spoku akampa mganga ni mwanangu. Alijua tangu mwanzo kwamba hakuna kinachotoka. Alitaka nilale usingizi.

Na mimi nilipoiona buluu kwenye sahani nikapiga kelele kuliko wote, ili alale yeye. Ndivyo tulivyo sasa. Yeye ananitazama nikipita uani, na mimi nanyoosha mgongo mpaka nifike nyuma ya nyumba, ndipo nashika ukuta. Usimwambie. Nakuomba kwa jina la baba yako, usimwambie. Akijua kwamba nilijua, hatapata tena pa kukaa ndani ya boma hili.

Maswali yako. Ndala siisikii ikitoka. Kidole gumba nakiamuru, kinanitazama. Homa inakuja jioni na mimi najifunika kitenge nasema ni baridi ya mtoni. Hilo la haja ndogo siwezi kumwandikia mtoto wa kaka yangu. Kuna mambo hayaulizwi shangazi.

Na mimi nina swali langu, unijibu kama ulivyonijibu la chuma. Mguu huu utarudi?

Nyanzala


Stendi ya Mpanda,
25 Aprili 2024

Shangazi,

Barua yako ilikwama njiani na basi lililozama kwenye matope, imenifikia juzi. Hilo ulilokataa kuniandikia nimelielewa. Sikusubiri. Naandika hii kwenye benchi la stendi, na nitakukabidhi kwa mkono wangu mwenyewe. Isome mbele ya Mwandu kimya kimya, kama mtu anayesoma salamu za Regina.

Mwandu nitamwambia nimekuja kukuchukua ukamwone mtoto. Ukubali haraka, ubishe kidogo tu ili isiwe ajabu. Daktari nimeshaongea naye, anakusubiri. Atapiga picha, atatazama kama kile kipande kimesogea au kama pamefanya usaha. Ikiwa ni usaha atalazimika kukufungua tena. Amesema hawezi kuahidi chochote, na mimi nimekaa kazini humo muda wa kutosha kujua anaposema hivyo anamaanisha nini.

Umeuliza kama mguu utarudi. Sijui. Ningekuwa na neno jingine ningekuletea, nimelitafuta njia nzima kutoka Mwanza. Sijui, Shangazi, na tumechelewa.

Najua daraja halipo, na kwamba hakuna njia ya kukufikisha barabarani isipokuwa mkokoteni ule ule, na wa kuwaendesha ng'ombe ni Mwandu yule yule. Nimeliwaza hilo sana. Ukimaliza kusoma, kunja karatasi uiweke kifuani, usiniulize kitu kwa sauti. Mwite mwanao, mwambie afunge ng'ombe. Mwambie unamwamini. Mimi nitakaa nyuma na wewe, nikushike.

Elisha